Wajukuu Zangu, Nani Aliwaambia Sisi ni Wengi?

Wajukuu zangu wa kwaya, na ninyi wengine mtakaosomewa barua hii na wenzenu,

Jumapili ya juzi, ibada ilipokwisha, mlibaki kwenye mabenchi mkashauriana kama mwende au msiende kumzika yule mzee aliyetuhama. Miaka mitatu nyuma alikuwa mwenzetu, akipitisha kapu la sadaka, kisha akaenda kusali na wale wanaokusanyika chini ya turubai karibu na gulio. Mmoja wenu akasimama akasema, "Aliondoka mwenyewe. Waliomchukua ndio wamzike." Mikono ikanyoshwa, mkahesabu. Waliotaka kwenda walikuwa watatu.

Nilikuwa nimeketi nyuma karibu na mlango, fimbo magotini, na sikufungua mdomo. Kesho yake wale watatu wakaenda kimyakimya. Kule kwenye turubai ni akina mama na vikongwe watupu, kwa hiyo jeneza lilibebwa na vijana wetu watatu na mtoto wa marehemu, wanne kwenye tope, hakuna wa kuwapokea. Mimi nilifuata nyuma na fimbo yangu, si wa kubeba wala wa kufukia. Kosa la kunyamaza ni langu, nalibeba. Lakini lenu nalo tuliseme.

Kilichoninyima usingizi ni makofi. Mlipoona mmewashinda wale watatu mlipiga makofi, na wengine mkacheka. Basi usiku nikawasha taa nikawa najiuliza: watoto hawa, nani aliwaambia sisi ni wengi? Sisi ambao wazee wetu wa imani walizamishwa mtoni, wakachomwa moto, wakapelekwa kupiga makasia kama watumwa? Nikaona hata hapo mkosaji ni mimi na wenzangu. Tuliwafundisha nyimbo, mistari ya kukariri na adabu ya kukaa kanisani, na historia tukaianzia Shirati mwaka 1934, wamisionari kutoka Pennsylvania walipofika. Kana kwamba kabla ya hapo kulikuwa na ukungu tu juu ya ziwa.

Twendeni basi mpaka Zürich, nchi ya Uswisi. Ni mji wa ziwa kama huu wetu, na kutoka ziwani unatoka mto uitwao Limmat, unapita katikati ya nyumba. Mwaka 1525 mji huo ulikuwa unaachana na Papa kwa mahubiri ya Ulrich Zwingli. Kati ya wanafunzi wake walikuwamo vijana wawili wasomi, Conrad Grebel na Felix Manz. Walilisoma Agano Jipya kwa Kigiriki, wakamwuliza mwalimu wao: mtoto mchanga ameamini nini hata abatizwe? Zwingli alitaka mambo yaende taratibu, kwa mwendo wa baraza la mji. Wao wakasema baraza la mji halina kauli katika jambo la imani.

Hapo pana kitu lazima mkielewe, la sivyo mtadhani watu waliuana kwa ajili ya maji. Siku zile ubatizo wa mtoto ndio uliokuwa mlango wa kuingia katika jamii. Akizaliwa anabatizwa, akibatizwa ni wa kanisa la mji, na aliye wa kanisa ni wa mji: atalipa zaka, atakula kiapo, ataitwa vitani. Dini na utawala zilikuwa nyuzi mbili zilizosokotwa kamba moja. Sasa akitokea mtu akasema, "Ubatizo ule siutambui, nitaamua mwenyewe nikiwa na akili zangu," mtawala hasikii habari ya maji, anasikia kamba inakatika. Tena wengi wa jamaa hawa wakaongeza kwamba hawataapa wala hawatashika upanga, na hiyo ni miaka ambayo majeshi ya Waturuki yalikuwa yanasogea kuelekea Vienna. Simtetei muuaji. Nataka tu msidhani alikuwa mwendawazimu. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye hofu, na wengi walikuwa upande wake.

Tarehe 21 Januari 1525 baraza likawapiga marufuku kufanya mikutano yao. Usiku huohuo wakakutana nyumbani kwa Manz. Kasisi mmoja wa zamani, George Blaurock, akamwomba Grebel ambatize, naye akambatiza. Kisha Blaurock akawabatiza waliobaki. Hapakuwa na askofu wala kwaya. Kanisa letu lilianzia chumbani kwa mtu, kwa watu wachache waliokuwa wanavunja sheria.

Maadui zao wakawaita Waanabaptisti, yaani wanaobatiza upya, na jina likaganda. Wenyewe hawakulipenda, kwa sababu kwao ubatizo wa utotoni haukuwa ubatizo, basi upya utoke wapi? Miezi kumi na minne baadaye, Machi 1526, baraza likatangaza kwamba atakayembatiza mtu tena atazamishwa. Tarehe 5 Januari 1527 ikawa zamu ya Felix Manz.

Nimevua ziwa hili zaidi ya miaka thelathini kabla mgongo haujakataa, na mara kadhaa nimesaidia kutoa maiti majini. Najua mtu anayezama anafanya nini: mikono ndiyo inayopigana hadi mwisho. Waliomzamisha Manz walilijua hilo. Walimfunga viganja, wakamkunja kama mtu aliyechuchumaa, mikono iliyofungwa wakaivusha magoti, kisha wakachomeka mti kati ya magoti na viwiko ili asiweze kujinyosha. Kaeni hivyo sakafuni kwenu mwone kama mtainuka. Wakampeleka kwa mashua hadi kwenye kibanda cha wavuvi katikati ya mto, wakamsukuma. Ilikuwa Januari, maji ya theluji. Ukingoni walisimama mama yake na ndugu yake wakimpazia sauti asilegee. Nimejaribu mara nyingi kumfikiria yule mama, na kila mara nashindwa kumaliza.

Wapo walioiita adhabu hiyo, kwa kejeli, ubatizo wa tatu. Kila penye mateso hapakosi mcheshi.

Papa hakuhusika na kifo kile. Waliotia saini ni watu wa matengenezo, waliokuwa wakisema Neno la Mungu pekee ndilo litawale. Na hili ndilo linalonifanya niwaandikie, kwa hiyo nivumilieni nilikalie kidogo.

Mnajua neno "Protestanti" lilizaliwa wapi? Ni Speyer, Ujerumani, Aprili 1529. Kikao cha dola kilikata shauri, kwa kura za wengi ambao walikuwa Wakatoliki, kuyafungia njia mafundisho ya Luther. Wakuu kadhaa pamoja na miji kumi na minne wakatoa pingamizi, na kutokana na pingamizi hilo sisi wote, Walutheri, Waanglikana, Wamennonite, tunaitwa hivi tunavyoitwa. Hoja yao ilikuwa kwamba katika jambo la Mungu na wokovu wa roho kila mtu atasimama mwenyewe mbele za Mungu, na wengi hawana mamlaka ya kumwamulia. Hoja nzuri, naipenda mpaka leo. Siku chache tu baada ya hapo, kikao kilekile kikapitisha amri nyingine: kila aliyebatizwa upya, mwanamume au mwanamke mwenye umri wa akili, auawe kwa moto, kwa upanga au kwa njia nyingine, bila hata kupitishwa kwanza kwenye mahakama ya kanisa. Waliotoka kupinga kura za wengi hawakuipinga hiyo. Philip wa Hesse, mmoja wao, angalau aliwafunga na kuwafukuza bila kuwaua. Wengine walitekeleza.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikaenda kumwagilia mchicha.

Kuanzia hapo wakawa wanawindwa na pande zote mbili. Michael Sattler, aliyekuwa mkuu wa watawa kabla ya kuja kwetu, alikuwa amekwisha kukatwa ulimi na kuchomwa huko Rottenburg mwezi Mei 1527, na mkewe Margaretha akazamishwa mtoni siku chache baadaye. Balthasar Hubmaier, aliyekuwa ameandika kwamba kuwachoma wazushi ni kumpinga Kristo, alichomwa Vienna mwaka 1528, na mkewe naye akatupwa katika mto Danube. Blaurock alichomwa Tyrol mwaka 1529. Grebel tauni ilimwahi. Katika karne ile waliouawa ni zaidi ya 2,000, na waliofukuzwa na kunyang'anywa mashamba wasio na hesabu.

Niwaonyeshe mmoja kwa karibu. Maeyken Wens alikuwa mke wa mwashi katika mji wa Antwerp. Walipomhukumu kuchomwa, Oktoba 1573, waliogopa asije akasema na watu njiani, kwa kuwa wengi walikuwa wameanza kuongoka kwa maneno ya wafungwa kuliko kwa mahubiri. Basi wakambana ulimi kwa chuma chenye parafujo. Mwanawe mkubwa, Adriaen, kijana wa miaka kumi na mitano, alikwenda uwanjani akampakata mdogo wake wa miaka mitatu, akapanda juu ya benchi ili amwone mama. Moto ulipowashwa akazirai. Alipozinduka watu walikuwa wamekwenda zao. Akashuka, akachakura majivu, akaipata ile parafujo, akaenda nayo nyumbani.

Huyo rika lenu.

Na yuko Dirk Willems wa Asperen, Uholanzi, mwaka 1569. Alifungwa kwa kosa la kubatizwa na la kuruhusu wengine wabatiziwe nyumbani kwake. Akafunga vitambaa kamba, akateremka dirishani, akakimbia. Huko wakati wa baridi maji yanaganda juu yakawa kama sakafu, mtu anapita, ila chini yake maji bado ni maji. Dirk alikuwa amekondeana kwa chakula cha gerezani, barafu ikamhimili. Aliyekuwa anamfukuza alikuwa mtu wa kushiba, barafu ikakatika, akatumbukia. Hapo Dirk alikuwa amekwisha kuokoka. Akageuka. Akarudi juu ya barafu ileile iliyokuwa inapasuka, akamvuta yule bwana nje. Yule aliyeokolewa alitaka kumwachia, lakini mkubwa wake akamkemea kutoka ng'ambo akumbuke kiapo chake, naye akamkamata. Tarehe 16 Mei Dirk akachomwa, na upepo uliupeleka moto pembeni, kwa hiyo alikufa polepole.

Sasa nawajua. Mtamtungia wimbo, mtaimba sikukuu ya vijana mshindane na kwaya ya Musoma, na akina mama watalia. Tungeni, sikatazi. Ila kabla hamjatunga nisikilizeni habari ya mji mwingine, ambayo wazee wengi wa kanisa hawapendi isimuliwe.

Huo mji ni Münster, kaskazini magharibi mwa Ujerumani. Mwanzoni mwa mwaka 1534 Waanabaptisti waliupata utawala wa mji huo. Ndugu zetu hao, waliozamishwa na kuchomwa, mara moja wakawa ndio baraza. Wakafanya nini? Mwezi Februari, baridi kali, wakatangaza kwamba asiyetaka kubatizwa atoke. Watu wakatolewa milangoni kwenye theluji, na wazee na watoto, mali yao ikabaki. Waliobaki wakabatizwa kwa woga. Kilichokuwa hiari Zürich kikawa amri Münster. Baadaye kijana mmoja fundi cherehani, Jan van Leiden, akajitangaza mfalme, akaoa wake kumi na sita, aliyembishia akakatwa kichwa sokoni. Askofu wa mji akauzingira mwaka mzima na zaidi mpaka watu wakala panya. Mji ukaanguka Juni 1535, na walioingia waliua bila huruma. Januari 1536 mfalme na wenzake wawili wakateswa kwa koleo za moto na kuuawa, miili ikawekwa kwenye vizimba vitatu vya chuma, vikatundikwa juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu Lambert. Vizimba hivyo vipo mpaka leo. Ukifika Münster unainua macho unaviona.

Mwalimu wangu mmoja alikuwa akituambia wale wa Münster "si wa kwetu". Sikukubali wakati ule, sikubali leo. Walikuwa wa kwetu. Walisoma Biblia ileile, walibatizwa kwa imani ileile, wengine walikuwa na ndugu waliokufa mashahidi. Tofauti yao na Dirk Willems ni kwamba wao walipata mji. Dirk hakuwahi kupata mji, kwa hiyo hatujui angefanyaje, ila tunajua alivyofanya siku moja adui yake alipokuwa majini na yeye yuko juu.

Ni baada ya balaa hilo ndipo Menno Simons, kasisi wa Friesland, alipoacha upadri mwaka 1536 akaanza kuwakusanya waliotawanyika, akiwafundisha kuweka upanga chini kabisa. Mwaka 1542 Kaisari Charles wa Tano akatangaza zawadi ya gilda mia moja kwa atakayemkamata. Hawakumpata. Alikufa kitandani mwaka 1561, na sisi tunaitwa kwa jina lake.

Na msije mkadhani ugonjwa huu ni wa Münster peke yake. John Calvin aliikimbia Ufaransa kwa ajili ya imani, akapokewa Geneva, na Geneva hiyohiyo, mwaka 1553, yeye akiwa ndiye sauti yake, ikamchoma Michael Servetus, naye mkimbizi. Wapuriti walivuka bahari kwenda Massachusetts ili wamwabudu Mungu wasibughudhiwe, na katika kipindi cha miaka mitatu wakawanyonga Wakwaker wanne mjini Boston. Mmoja wao, Mary Dyer, alinyongwa tarehe 1 Juni 1660 kwa kosa la kurudi mjini baada ya kufukuzwa. Mkuki kwa nguruwe.

Wetu wa Uswisi waliendelea kuonja. Zürich ilimkata kichwa mzee Hans Landis mwaka 1614, akiwa wa mwisho kuuawa hapo. Mji wa Bern uliajiri wawindaji wa Waanabaptisti na kuwalipa kwa kila kichwa, na wanaume wengine ukawatuma kupiga makasia kwenye merikebu za Venice. Wengi wakahamia Ujerumani, na kuanzia mwaka 1710 baadhi yao wakavuka hadi Lancaster, Pennsylvania. Ndiyo Lancaster hiyo iliyowatuma wamisionari Shirati. Mtu akiwaambia Ukristo wenu ni wa wakoloni mjibuni kwa heshima, ana ukweli wake, lakini mwelezeni pia kwamba waliotuletea walikuwa wajukuu wa watu waliowindwa kama nguruwe pori.

Huko Pennsylvania walipatwa na hofu moja: watoto wetu wamezaliwa kwenye amani, vita ikija watajua la kufanya? Wakaagiza kitabu kikubwa cha mashahidi, alichokikusanya Mholanzi Thieleman van Braght mwaka 1660, kitafsiriwe kwa Kijerumani. Watawa wa Ephrata wakakichapa mwaka 1748, kurasa kama 1,500, na koloni zote za Waingereza huko Marekani hazikuwahi kuchapa kitabu kikubwa kama hicho. Kilichapwa kwa ajili ya vijana. Vita ya uhuru ilipokuja, askari wakazichukua karatasi ambazo hazijajalidiwa wakazifanyia risasi. Habari za Dirk Willems zikafungiwa baruti. Kila nikilikumbuka hilo sijui nicheke au nifanye nini.

Lakini wapo waliojifunza, nisiwafiche na hilo. Familia kumi na tatu kutoka Krefeld zilifika Pennsylvania mwaka 1683 zikajenga Germantown. Wengi walikuwa Wamennonite waliogeuka Wakwaker. Baada ya miaka mitano tu, mwaka 1688, watu wanne wa pale wakaandika barua kupinga biashara ya watumwa. Waliwaambia wenzao hivi, kwa maana yake: kule Ulaya watu wanaonewa kwa ajili ya dhamiri, na hapa wanaoonewa ni watu weusi, kwa nini tuwafanyie wengine tuliyoyakimbia? Barua ikapelekwa mkutano mmoja hadi mwingine, kila mkutano ukisema jambo hili ni zito mno kwetu, mpaka ikawekwa kabatini. Wakwaker wa Philadelphia walikuja kuwakataza wanachama wao kumiliki watumwa mwaka 1776. Waandishi wote wanne walikuwa wameshakufa. Wale walikuwa wanne, na juzi wenu walikuwa watatu.

Kwetu Afrika nako mambo haya hayako mbali. Kanisa la Meserete Kristos la Ethiopia ni ndugu yetu wa tumbo moja, lilitokana na wamisionari wa Lancaster haohao. Serikali ya Derg ililifunga mwaka 1982, majengo yakachukuliwa, viongozi wakatiwa ndani zaidi ya miaka minne. Lilikuwa na waumini kama 5,000. Likahamia majumbani, watu watano hapa, saba pale, akina mama wakiongoza. Derg ilipoanguka mwaka 1991 wakatoka zaidi ya 30,000. Siwaambii ili mjivune na hesabu. Wao wenyewe siku hizi ni kanisa kubwa, na mtihani wa Münster unawangoja kama unavyotungoja sisi.

Nimalizie na beseni. Julai 2010 Walutheri wa dunia nzima walikutana Stuttgart, majirani zetu wa KKKT wakiwamo katika ushirika huo. Ungamo lao la Augsburg la mwaka 1530 linawalaani Waanabaptisti kwa jina, na wachungaji wao wameapa kulishika. Pale mkutanoni wakatamka wazi kwamba wazee wao walitenda vibaya, wakaomba msamaha kwa Mungu na kwa Wamennonite, wajumbe wengine wamesimama na wengine wamepiga magoti. Na aliyesimama kuwajibu kwa niaba yetu, baada ya karibu miaka mia tano, hakuwa Mswisi wala Mholanzi. Alikuwa Danisa Ndlovu, askofu kutoka Zimbabwe. Akawapa beseni la mbao la kutawadhia miguu, la namna ambayo makanisa yetu hutumia.

Mnalijua beseni. La kwetu ni la plastiki, la bluu, liko ofisini chini ya vitabu vya nyimbo. Kila mwaka tunatawadhana miguu, na nimegundua kila mmoja anamtafuta rafiki yake wa kumwosha. Mwaka huu sijaona aliyemwendea mtu asiyesalimiana naye.

Sikuwaandikia ili mjione wabaya. Mlifanya walichofanya madiwani wa Zürich siku yao ya kawaida: mliketi, mkajadili kwa utaratibu, mkapiga kura, mkashinda. Wala sitaki mwende mkatafute mateso, ujana una mambo mengine ya kufanya. Nataka siku nyingine mkiinua mikono mtazame ni nani hayupo kwenye benchi, na mnamwamulia nini. Yule mzee alituacha kwa hiari yake. Hiari ile ndiyo Felix Manz aliyoifia. Ubatizo wa hiari usio na ruhusa ya kuondoka ni ubatizo wa Münster, na vizimba vyake viko juu vinaning'inia.

Jumamosi wanaanua matanga. Mimi nakwenda kumwomba radhi yule mjane, kwa sababu nilinyamaza na nilikuwa na umri wa kusema. Nitatoka kwangu saa mbili asubuhi kwa miguu, baiskeli haina breki na mteremko wa gulioni mnaujua. Anayekuja na aje na jembe au sepetu. Kaburi lile lilifukiwa na watu wanne, na mvua ya wiki hii imelititisha upande mmoja.